X-Trail ya 2008 kwa barabara za Pemba: inunuliwe au iachwe?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli, naishi Wete. Nina watoto wanne na mama mtu mzima ambaye kila mwezi nampeleka hospitali ya Chake Chake, na gari za kukodi zinanimaliza. Nimeonyeshwa Nissan X-Trail ya 2008, ya petroli, otomatiki, iko mjini Unguja. Bei yake ni ya chini kuliko RAV4 zote nilizoziona. Jirani yangu ambaye ni fundi ananiambia niikimbie kwa sababu X-Trail zinakufa giaboksi. Mwenyewe anasema gari haijawahi kufunguliwa hata skrubu. Je, ni kweli asemayo jirani? Na nikiinunua, matengenezo yake yatanigharimu kiasi gani?

JIBU: Waalaykumu salaam, Mwalimu. Jirani yako hakukosea, ila hakukumalizia maneno. Giaboksi ya gari hiyo ndiyo kila kitu. Ikiwa nzima, umepata gari kubwa ya viti vitano, mama akakaa kwa raha, kwa pesa kidogo. Ikiwa mbovu, hakuna punguzo la bei litakalokufidia. Mengine yote yanayosemwa kuhusu X-Trail yanatengenezeka kwa pesa ya mshahara, kwa hiyo nitakaa sana kwenye giaboksi.

Kwanza hakikisha unaonyeshwa gari gani hasa. X-Trail ya kwanza, mafundi tunaiita T30, ilianza 2000, na saa zake, yaani spidi na mafuta, ziko katikati ya dashibodi. Ya pili, T31, ilitoka Japani mwezi wa Agosti 2007, na saa zake ziko mbele ya dereva. Gari ya 2008 lazima iwe T31. Soma namba ya chesisi: ikianza na NT31 ni injini ya lita 2 yenye fowili, TNT31 ni lita 2.5, na DNT31 ni dizeli. Nadhani yako ni NT31, kwani ndizo nyingi, nayo ina injini inayoitwa MR20 na giaboksi ya CVT. T30 za petroli zisizo na tabo zilikuja na otomatiki ya kawaida ya gia nne, ambayo fundi yeyote wa kisiwani anaijua. Ndiyo maana utasikia mtu akiisifu X-Trail yake na mwengine akiilaani, wote wakisema kweli.

CVT haina gia za kuhesabu. Ndani yake mna puli mbili na mkanda wa chuma unaopita baina yake. Puli hupanuka na kubana kwa nguvu ya oili, na hivyo mkanda hupanda au kushuka, gari ikaongeza mwendo bila kushtuka. Kinachoushika mkanda usiteleze ni presha ya oili. Oili ikichoka, ikipungua au ikipata joto kupita kiasi, presha hushuka, mkanda unateleza, na ukiteleza unazikwaruza puli. Puli ikishakwaruzika hairudi. Unaweza kubadilisha oili mara tatu na tatizo likabaki palepale.

Giaboksi iliyomo ndani ya T31 imetengenezwa na kampuni ya Jatco, jina lake JF011E, na haikufungwa kwenye X-Trail peke yake. Imo pia kwenye Mitsubishi Outlander za miaka ile, kwa hiyo mtu akikwambia uiache X-Trail uchukue Outlander, anakutoa chumba hiki kukutia chumba cha pili cha nyumba hiyo hiyo. Marekani, Nissan yenyewe iliongeza dhamana ya CVT kwa gari zake za 2003 hadi 2010 mpaka miaka 10 au maili 120,000, na miongoni mwao imo Rogue, ambayo ni ndugu wa T31. Kampuni haiongezi dhamana namna hiyo kwa kitu kisichokuwa na malalamiko. Lakini hesabu miaka, Mwalimu: gari ya 2008 imeshapita umri wa dhamana hiyo zamani. Ile inayotembea vizuri leo, ama ilitunzwa, ama giaboksi yake imeshabadilishwa, ama iko njiani kufa. Kazi yako ni kujua ni ipi kati ya hizo.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wa Pemba huwaponyoka. Unguja sehemu kubwa ni tambarare. Gari inayozunguka mjini, Mwanakwerekwe na Fuoni, inaweza kuishi miaka na CVT iliyochoka bila mwenyewe kujua, kwani haipandi kitu. Ukiivusha Pemba, kwenye vilima na mabonde yetu, na watu watano ndani na magunia nyuma, ugonjwa unatoka wiki ya kwanza. Muuzaji pengine hakukudanganya. Gari yake kweli ilikuwa haimsumbui. Kwa hiyo usikubali kuonjeshwa gari kwa kuzunguka mtaa. Nenda adhuhuri, jua likiwa kali. Washa AC. Jaza watu. Toka mjini mpaka Nungwi na kurudi bila kupumzisha, kisha ipandishe kilima cha Masingini, halafu ingia nayo kwenye foleni ya Darajani, uende na kusimama, uende na kusimama. Giaboksi ikishapata moto ndipo inaposema.

Na inasema hivi. Ukiondoka polepole, baina ya mwendo wa 20 na 40, mwili wa gari unatetemeka kama unapita juu ya matuta madogo madogo na barabara ni laini. Hiyo ni dalili mbaya. Ukikanyaga mafuta kilimani, sauti ya injini inapanda na gari haifuati. Mbaya zaidi. Kuna mluzi unaopanda na kushuka pamoja na mwendo, si pamoja na sauti ya injini. Mara nyingi ni beringi za ndani. Na kuna hii ambayo wengi huitafsiri vibaya: baada ya safari ndefu gari inakuwa nzito, haitaki kuzidi mwendo fulani, ukiipumzisha nusu saa inarudi uzima. Watu husema ni mafuta machafu au filta. Hiyo ni kompyuta inayoilinda giaboksi na joto kwa kuipunguzia nguvu. Ukikuta hata moja katika hizi, shuka, mpe mwenyewe funguo zake, mshukuru, uondoke. Usikae kujadili bei.

Gari ikifaulu safari hiyo, bado kuna hatua moja, nayo utailipia wewe hata kama hukununua. Mwombe mwenye gari ruhusa, tafuta fundi asiyekuwa wake, afungue sampo ya giaboksi, yaani bakuli la oili lililo chini yake. Ndani ya sampo mna sumaku za kukamata vumbi la chuma. Ukikuta utelezi wa kijivu, laini kama wanja, hiyo ni halali yake, ni umri. Ukikuta vipande vinavyong'aa, vyenye ncha, unavyoweza kuviokota kwa ukucha, ni mkanda na puli vinalika. Nusa na oili iliyotoka. Ikinuka kuungua, na ikiwa nyeusi, unajua. Kazi hii pamoja na oili mpya ni ya malaki, si ya maelfu, lakini ni bima ya mamilioni. Muuzaji akikataa kabisa sampo isifunguliwe, nawe unalipa gharama zote, amekujibu.

Oili yenyewe iwe ya CVT, kwa T31 inaitwa NS-2, au nyengine iliyoandikwa wazi kuwa inakubali NS-2. Zipo gari nyingi visiwani zilizouliwa na oili nyekundu ya otomatiki za kawaida, iliyotiwa na mtu aliyesema "oili ni oili". Ukiidreni mara moja inatoka takriban nusu tu, iliyobaki imo ndani ya kibadilisha nguvu (torque converter) na vifereji, kwa hiyo kwa gari isiyojulikana historia yake nataka udreni, utie, utembee siku chache, udreni tena. Baada ya hapo, kila kilometa 40,000 inatosha, na ukiwa unapanda na kushuka Pemba kila siku usingoje zaidi.

Ikifa kabisa, unanunua giaboksi mtumba kutoka Japani au Dubai. Kwa makadirio ya kupangia bajeti, tenga baina ya milioni moja na nusu na milioni tatu, pamoja na oili, ufundi na kuivusha, na uulize maduka matatu kabla ya kutoa shilingi. Jambo ambalo huangusha wengi hapo si bei. Giaboksi ya CVT ina data zake za kiwandani, na kompyuta ya gari inazo za giaboksi ya zamani. Ukifunga mtumba bila kufuta kumbukumbu za zamani na kuisomesha kompyuta data za giaboksi iliyoingia, presha haikai sawa, na giaboksi nzima itaharibika mikononi mwako. Kabla ya kununua muulize fundi: una mashine ya kufanya hivyo kwa Nissan? Asiyekuwa nayo amtafute mwenye nayo siku hiyo hiyo ya kufunga.

Nikitoka kwenye giaboksi nakwenda kwenye maji, kwa sababu joto ndilo linalozipeleka CVT nyingi kaburini, na maji ya visiwa vyetu si rafiki wa rejeta. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Mtu anajaza rejeta kwa ndoo miaka mitano, vifereji vinaziba, na matangi ya plastiki ya ubavuni yanapasuka. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Unataka kuona kimiminika chenye rangi, kijani au buluu au chekundu, kisafi. Ukiona maji ya kutu, jua hayakuwa na matunzo. Ukiona mafuta yakielea, au ute wa rangi ya maziwa, acha hapo hapo: kipoza oili ya giaboksi huweza kutoboka, maji yakaingia kwenye giaboksi.

Halafu kuna mchezo wa termostati. Gari ikichemsha, fundi mvivu anaing'oa termostati, gari inaacha kuchemsha, mwenyewe anafurahi. Kilichofanyika ni kuficha ugonjwa. Injini inatembea baridi, inakula petroli zaidi, na kilichokuwa kikiichemsha kiko palepale. Kuijua ni rahisi: iwashe ikiwa baridi asubuhi, tembea kama dakika kumi bila AC, uangalie sindano ya joto. Isipofika mahali pake pa katikati, termostati imetolewa au imekufa wazi. Termostati mpya na rejeta mpya ni mambo ya malaki machache yote kwa pamoja. Sikuogopeshi nayo, ila ikiwa haipo, uliza kwa nini ilitolewa.

Injini ya MR20 yenyewe si mbaya. Ina cheni, si mkanda wa timing. Kwa hiyo muuzaji akikwambia kwa fahari kwamba amebadilisha timing belt mwaka jana, ama haijui gari yake au fundi wake alimla pesa. Cheni ikivutika utaisikia alfajiri, unapowasha baada ya gari kulala: mlio wa chuma kwa sekunde kadhaa kisha unatulia. Kazi hiyo ni ya malaki mengi kwa sababu ya saa za ufundi, lakini si kifo. Inaweza pia kula oili, kwa hiyo toa kijiti mwenyewe uangalie, na mtu asimame nyuma ya ekzosi ukikanyaga. Moshi wa buluu ni oili inayoungua.

Na tafadhali, plagi za MR20 zisibadilishwe na kijana anayekaza kwa nguvu zake zote. Ukuta wa kishimo cha plagi ni mwembamba, ukikazwa kupita kipimo unapasuka, maji ya injini yanaingia kwenye kishimo, na hapo ndipo utakapotafutiwa silinda hedi nyengine. Plagi zenyewe ni za laki, spana ya kukazia kwa kipimo kila gereji ya maana inayo.

Mwenye gari anaposema haijafunguliwa hata skrubu, Mwalimu, kwa gari ya umri huu hiyo si sifa. Maana yake oili ya CVT haijawahi kubadilishwa.

Chini ya gari nitapita haraka. T31 zinagonga mbele: linki za stabilaiza, busheni, na beringi za juu ya shokapu, zile zinazolia unapokata usukani ukiwa umesimama. Linki ni za maelfu. Shokapu mbili za mbele na vikombe vyake ni za malaki. Beringi za gurudumu zinaunguruma mwendo ukizidi 60, nazo huja na habu nzima. Buti za mpira za drafti, yaani shafti zinazozungusha magurudumu, zikichanika, badilisha siku hiyo hiyo kwa maelfu, kabla mchanga haujaingia ukakupandisha kwenye malaki. Kuhusu fowili, swichi ina 2WD, AUTO na LOCK. Kwa Pemba weka AUTO, LOCK iwe ya tope la masika ukiwa unakwenda polepole. Matairi yote manne yawe saizi moja na yamelika sawa, kwani mawili mapya na mawili yaliyokwisha yanailazimisha kopling ya nyuma kufanya kazi muda wote mpaka iungue.

Kutu, hapo simama. Gari ikitoka sehemu za Japani zenye theluji imeshakula chumvi ya barabarani kabla haijaiona bahari yetu. Ikifika Unguja, huenda imekuwa ya kubeba watalii, ikapelekwa mpaka ufukweni Paje. Au imebeba samaki. Nyanyua zulia la buti, toa tairi ya akiba, tia mkono ndani ya shimo lake. Maji ya barafu ya samaki hutuama hapo, na utakuta bati linamomonyoka kwa kidole huku nje rangi inang'aa. Kisha lala chini na tochi uangalie mabomba ya breki na sehemu mikono ya nyuma inapofungwa kwenye bodi. Bomba la breki lililokula kutu ni la kubadilishwa, si la kupakwa rangi. Bodi iliyooza pale mikono inaposhika, hiyo ni gari ya kuachwa hata kama giaboksi imefaulu. Utampandisha mama yako humo.

Jirani yako huenda akasema: basi ngoja upate RAV4. Ni shauri zuri, na RAV4 spea zake ziko kila duka. Ila ajue kwamba RAV4 ya 2008 iliyotoka Japani nayo ni CVT, na injini yake ya lita 2.4, 2AZ, kwa miaka ile inajulikana kwa kula oili. CVT ya Toyota inavumilia zaidi, hilo nalikubali. Lakini bei ile ya juu unayoiona haikununulii gari isiyo na ugonjwa. Inakununulia spea za karibu. Kwa mtu wa Wete hiyo ni hoja kubwa, kwani kila spea ya X-Trail isiyopatikana Chake itakuja kwa meli, na gari itakaa juu ya jeki ikiisubiri huku mama akingoja siku yake ya hospitali.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii. Chukua bei anayotaka muuzaji, ongeza robo yake. Kama huwezi kuiweka robo hiyo pembeni bila kuigusa ada za watoto, usinunue X-Trail ya CVT, tafuta T30 ya gia nne yenye bodi nzima au gari ndogo zaidi ya Toyota. Kama unaweza, na gari imefaulu Nungwi na Masingini, na sumaku zake zina utelezi tu, na bodi yake haijaoza, nunua. Mimi ningenunua. Hakikisha ina namba ya Z, yaani ya Zanzibar, na kadi ni ya jina la huyo anayekuuzia. Yenye namba za Bara ina taratibu zake za kodi na usajili, usizibebe wewe.

Ikishuka bandarini Mkoani usiipeleke Wete moja kwa moja na mzigo wa familia nzima. Ioshe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza badilisha oili ya injini na filta, ifanyie ile dreni ya pili ya CVT, mwaga maji yote ya rejeta utie kulenti (kile kimiminika chenye rangi) iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, na ufunge termostati kama haipo. Oili ya injini iwe kila kilometa 5,000, kwa joto letu usifuate kipimo cha Japani. Na mwambie jirani yako fundi akuazime mashine yake ya kupimia asome kompyuta siku ya kwanza, aandike namba zote zitakazotoka, kisha azifute. Baada ya mwezi asome tena. Zitakazorudi ndizo za kushughulikia, na ukiniletea namba hizo nitakwambia ipi ianze.